Kuchagua Ngome ya Kuzuru kwa Siku Moja Kutoka London

Mtu aliyefika London, awe mwanafunzi, mfanyabiashara, au mzazi aliyekwenda kuwazuru wanawe wanaoishi huko, akisha kuyatazama madaraja, masoko na majumba ya makumbusho yaliyomo mjini, aghalabu huambiwa na wenyeji wake kuwa hajaiona Uingereza maadamu hajatoka akaitazama ngome moja katika zile za kale. Ushauri huo ni mwema, lakini haukutimia, kwa kuwa ngome ambazo mtu aweza kuziendea asubuhi na kurejea jioni ni nyingi, na mgeni asiyejua tafauti zake huchagua ile ambayo jina lake amelisikia zaidi, kisha hurudi amechoka, fedha zimekwisha, na alilolitaka hakulipata.

Sababu ya wingi huo ni ya kale. William, mtawala wa Normandy, alipoivuka bahari mwaka 1066 akaishinda Uingereza, alikuwa na askari wachache katikati ya umma mkubwa usiomtaka, na hila aliyoiona kufaa ilikuwa kujenga. Alianza kuinua ngome mjini London kwenyewe, ile iitwayo Tower of London, ambayo mpaka leo imesimama kando ya mto Thames. Kisha mji ukazungushiwa ngome nyingine zilizoshika njia, mito na vivuko, ili jeshi lolote lijalo kutoka bara au kutoka pwani likute lango limefungwa kabla ya kufika kwenye kiti cha enzi. Mwendo ambao askari wa zama zile aliumaliza kwa siku nzima, akiwa na mzigo mgongoni, leo treni huumaliza kwa muda wa saa moja au pungufu.

Ngome hizo, hata hivyo, hazikupata maisha ya namna moja. Zipo zilizojengwa kwa vita zikabaki za vita. Zipo zilizoanza kwa vita zikaishia kuwa makao ya wafalme. Na zipo zilizovaa umbo la vita ilhali raha na fahari ndiyo yaliyokuwa makusudio. Atakaye kuchagua vyema na ajiulize kwanza ni lipi kati ya hayo matatu alipendalo, maana hakuna ngome moja itoayo yote kwa kipimo sawa.

Inayotajwa kwanza na kila mtu ni Windsor, magharibi ya London, juu ya kilima kinachoutazama mto Thames. William aliianza kiasi cha mwaka 1070 kwa udongo na mbao. Waliomfuata wakageuza mbao kuwa mawe, na mawe kuwa fahari, hata imekuwa ngome kongwe na kubwa kupita zote duniani ambazo bado zakaliwa. Aingiaye humo huingia katika nyumba ya mfalme aliye hai, na bendera ya mfalme hupandishwa juu ya mnara wa duara kila awapo nyumbani. Baadhi ya kumbi zake ziliharibiwa na moto wa tarehe 20 Novemba 1992, uliowaka muda wa saa 15 na kudhuru vyumba zaidi ya 100. Mafundi wakashika kazi kwa miaka mitano, na mgeni aliyesimama leo chini ya paa la mwaloni la ukumbi wa St George huwa akiitazama kazi ya watu wa zama zetu, ambayo haikuona haya mbele ya kazi ya waliotangulia. Ndani ya kuta hizo limo pia kanisa la St George, lililoanzwa mwaka 1475, ambamo amezikwa Henry VIII, Charles I aliyekatwa kichwa mwaka 1649, na Malkia Elizabeth II aliyefariki mwaka 2022.

Utukufu huo una gharama yake. Windsor husongwa na watu, wageni hupekuliwa mlangoni, na aendaye adhuhuri katika miezi ya joto husimama katika safu ndefu kabla hajaliona jiwe la kwanza. Fauka ya hayo, ngome ina kawaida ya kufungwa kwa wageni siku za Jumanne na Jumatano, na kanisa lake halitembelewi Jumapili isipokuwa na wale wanaokwenda kusali. Kwa hiyo anayelitaka kaburi la malkia na achague siku kwa uangalifu. Njia ni mbili: treni ya moja kwa moja kutoka stesheni ya Waterloo, ambayo huchukua karibu saa moja, au ile ya Paddington, ambayo ni ya haraka zaidi lakini humlazimu abiria kubadili pale Slough.

Maili chache kutoka Windsor, kwenye uwanda wa Runnymede, ndipo Mfalme John alipolazimishwa na makabaila wake, mwezi wa Juni mwaka 1215, kuutia muhuri mkataba wa Magna Carta uliompunguzia mamlaka. Mfalme hakuwa na nia ya kuutimiza, na kabla ya mwaka kwisha vita vilikuwa vimefumka. Na atakaye kuona vita hivyo vilikuwaje, mahali pa kwenda ni Rochester, mashariki ya London, safari ya dakika kama 40 kutoka stesheni ya St Pancras.

Mnara mkuu wa Rochester ulianzwa na Askofu Mkuu William de Corbeil kiasi cha mwaka 1127, nao, kwa urefu wake unaozidi futi 100, ni miongoni mwa minara mirefu ya namna yake katika Uingereza yote. Waasi waliushika katika vuli ya mwaka ule wa 1215, na Mfalme John akauhusuru kwa muda wa wiki saba hivi. Mawe ya mitambo yalipomshinda, aliwaamuru wachimbaji wapenye chini ya pembe ya kusini mashariki, waitegemeze kwa magogo, kisha akaagiza aletewe nguruwe 40 wanono wasiofaa kuliwa, mafuta yao yakatiwa moto pamoja na yale magogo, na pembe ya mnara ikaporomoka. Hata hapo waliokuwamo hawakusalimu amri. Walirudi nyuma ya ukuta unaougawa mnara kati, wakapigana mpaka njaa ikawatoa. Baadaye pembe ile ilijengwa upya, na waliojenga hawakurudia umbo la kwanza: pembe tatu za mnara ni za mraba, ya nne ni ya duara, na mtu yeyote asimamaye chini yake huiona tafauti hiyo kwa macho yake bila ya kuhitaji kiongozi.

Rochester ni gofu. Paa halipo, sakafu zimekwisha kuoza zamani, na njiwa ndio wenyeji wa vyumba vya juu. Wako watu ambao gofu huwachosha, na wako ambao gofu huwafundisha kuliko kasri iliyopambwa, kwa kuwa mifupa ya jengo i wazi: mashimo ya boriti, njia za maji, meko yaliyoning'inia ukutani. Kwa mtu mwenye nusu siku tu na mfuko mwepesi, hakuna safari iliyo bora kuliko hii, hasa kwa sababu kanisa kuu la kale li hatua chache tu kutoka langoni, na mji mkongwe unaoizunguka ndio ule ambao mwandishi Charles Dickens aliujua tangu utoto wake na kuutia katika riwaya zake.

Vita vile havikukomea Rochester. Makabaila walimwita Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, aje ashike kiti cha John, na mwaka 1216 Louis akaihusuru Dover, ngome iliyo juu ya majabali meupe penye mlango wa bahari unaoitenga Uingereza na Ufaransa. Mlinzi wake alikuwa Hubert de Burgh. Wafaransa nao walichimba chini ya lango la kaskazini, mnara mmoja wa lango ukaanguka, lakini walinzi waliziba pengo kwa magogo na miili yao, na ngome haikutekwa. Mfalme John akafa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, na haja ya Wafaransa ikapotea polepole. Lango lile lililovunjwa lilizibwa kabisa, na lango jipya likajengwa upande wa magharibi, ambalo hata leo lingali kutumika.

Uzuri wa Dover ni kwamba historia yake haikusimama hapo. Kando ya kanisa lililomo ndani ya boma umo mnara wa taa uliojengwa na Warumi kuongozea jahazi zao, wenye umri wa karne nyingi kabla ya William kuzaliwa. Katikati pana mnara mkuu wa Mfalme Henry II, uliojengwa katika miaka ya 1180, wenye kuta zinazofikia unene wa futi 21, na vyumba vyake vimetandikwa upya kwa rangi kali na samani za namna iliyotumika zama zake, hata mtoto mdogo huelewa kuwa watu wa kale hawakukaa katika mawe matupu ya kijivu. Baruti ilipokuja kuubadili utaratibu wa vita, minara mirefu iligeuka kuwa shabaha rahisi ya mizinga. Ndiyo maana Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ilijengwa ya kimo kifupi, nene, yenye pembe zilizochongoka, na ndiyo maana Dover nayo ilikatwa vichwa vya minara yake ya ukutani ili isimamishe mizinga. Chini ya ardhi zimo njia zilizochimbwa ndani ya jabali wakati wa vita vya Napoleon, na ni humo alimokaa Admirali Bertram Ramsay mwaka 1940 alipoiongoza kazi ya kuwaokoa askari zaidi ya 338,000 kutoka pwani ya Dunkirk, kuanzia tarehe 26 Mei hadi tarehe 4 Juni.

Treni ya haraka kutoka St Pancras hufika Dover kwa muda unaozidi saa moja kidogo. Kutoka stesheni kwenda ngomeni ni mpando mkali. Aliye na mzazi mzee au watoto na akodi teksi, azihifadhi nguvu zake kwa ngazi za ndani, ambazo si chache.

Aina ya tatu, zile za raha, nizitaje kwa ufupi. Hever, kusini ya London, ni nyumba ndogo iliyozungukwa na handaki la maji, alimokulia Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry VIII, aliyeuawa kwa amri ya mumewe tarehe 19 Mei 1536. Tajiri William Waldorf Astor aliinunua mwaka 1903, akaifanyia bustani za namna ya Kiitalia na ziwa la kuchimbwa kwa mikono, na familia yenye watoto hupata humo siku nzima ya furaha, ingawa kutoka stesheni ya Hever pana mwendo wa maili moja hivi katika vijia vya mashamba. Leeds Castle imejengwa juu ya visiwa katikati ya ziwa, nayo imewahi kuwa mali ya malkia kadhaa. Lakini mgeni atahadhari, kwani haimo kabisa katika mji wa Leeds ulio mbali kaskazini, bali imo jimboni Kent, na stesheni yake ni Bearsted. Bodiam, ya mwaka 1385, kwa nje ni picha kamili ya ngome na kwa ndani ni gofu, lakini kuifikia bila ya motokaa ni taabu.

Akisha kuchagua, msafiri na asisahau mambo madogo yanayoamua uzuri wa siku. Nauli ya treni katika siku za kazi hushuka baada ya saa tatu na nusu asubuhi, na watu wazima watatu au zaidi wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano huweza kupunguziwa theluthi moja. Tikiti ya ngome ikinunuliwa kabla aghalabu huwa rahisi kuliko ya mlangoni. Mwezi wa Desemba jua hutua karibu na saa kumi jioni, na ngome nyingine katika majira ya baridi hufunguliwa mwisho wa juma tu. Kwa hiyo saa za kufungua zitazamwe kabla ya nauli kulipwa. Koti la mvua na viatu vya kukanyagia mawe yenye utelezi ni vya lazima katika kila majira.

Liko kosa moja ambalo wageni hulirudia, nalo ni kutaka kuziona mbili au tatu kwa siku moja, kwa mabasi ya watalii yanayoahidi Windsor asubuhi na mahali pengine pawili kabla ya magharibi. Mtaka yote hukosa yote. Ngome yataka muda wa kuizunguka kwa nje, kupanda juu, na kukaa kitako kuifikiri. Anayeipa dakika 90 hurudi na picha tu.

Basi hukumu yangu ni hii. Apendaye enzi na makaburi ya wafalme aende Windsor, lakini awahi mapema. Mwenye nusu siku aende Rochester. Mwenye watoto aende Hever. Na yule ambaye hana ila siku moja katika umri wake wote ya kutazama ngome ya Kiingereza, na apande treni ya Dover. Huko atakuta taa ya Warumi, mnara wa Henry II na mahandaki ya 1940 ndani ya ukuta mmoja, kwa tikiti moja.