Kuchorachora na Kuonyeshana Mtandaoni: Mchoro wa Kila Siku kwa Mgonjwa na Mhudumu wa Afya

Pembezoni mwa madaftari ya wanafunzi wa udaktari, nyuma ya karatasi za ratiba ya zamu, na hata kwenye majalada ya kadi za kliniki, huonekana michoro ambayo hakuna aliyeiagiza: ua, jicho, ngazi isiyofika popote, mraba ndani ya mraba. Kiswahili kimelipa tendo hili jina lisilohitaji maelezo, kuchorachora, kitenzi kilichorudiwa ili kudokeza jambo lifanywalo kidogo kidogo na bila shabaha kubwa. Walimu wengi wameliadhibu kama ushahidi wa kutosikiliza. Siku hizi michoro hiyohiyo hupigwa picha kwa simu na kuwekwa mbele ya jamii za wachoraji mtandaoni, ambako watu wasiojuana huonyeshana walichokichora siku hiyo. Miongoni mwao wamo wagonjwa walio vitandani na wahudumu wa afya waliotoka zamu. Makala haya yanaeleza mchoro wa namna hiyo unamfaa mtu kwa njia gani, na nini hubadilika pindi unapotoka daftarini na kuwekwa machoni pa watu.

Tuanze na usikivu. Mwanasaikolojia Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu uliorekodiwa, wenye kuchosha kwa makusudi, uliojaa majina ya watu na ya mahali. Nusu yao walipewa karatasi yenye maumbo wayajaze kwa penseli huku wakisikiliza. Mwishowe wote waliulizwa walichokumbuka, na wale waliokuwa wakijaza maumbo walikumbuka kwa asilimia 29 zaidi ya wenzao. Maelezo yanayotolewa ni kwamba kazi nyepesi ya mkono huizuia akili isitangetange kwenye ndoto za mchana. Matokeo hayo yasivutwe kupita kiasi: watu 40 ni wachache, tena walijaza maumbo waliyopewa, hawakubuni yao. Lakini yanatosha kumfanya muuguzi asite kabla ya kumkemea mgonjwa anayechorachora wakati wa somo la lishe.

Kwa upande wa kumbukumbu ushahidi una nguvu zaidi. Mwaka 2016, Jeffrey Wammes, Melissa Meade na Myra Fernandes wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kwa majaribio kadhaa kwamba mtu aliyechora kitu kinachotajwa na neno alilikumbuka neno hilo vizuri kuliko aliyeliandika tena na tena. Uzuri wa mchoro haukuhusika. Hapa ndipo zahanati zetu zinaweza kufaidika bila gharama. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa tatu kwa mpigo apewe kalamu achore mwenyewe: jua linalochomoza kwa kidonge cha asubuhi, sahani kwa kile cha baada ya chakula, mwezi kwa kile cha usiku. Kwa maoni yetu karatasi hiyo ina faida ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Mgonjwa akichora vidonge viwili mahali pa kimoja, kosa linaonekana palepale dirishani pa dawa, si baada ya wiki mbili.

Kuhusu msongo wa mawazo, utafiti unaotajwa sana ni wa Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016. Watu wazima 39 walifanya kazi za sanaa kwa dakika 45, na mate yao yakapimwa kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mtu anapoelemewa. Kwa takriban robo tatu yao kiwango kilishuka, wawe na uzoefu wa sanaa au wasiwe nao. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kukaa kimya kwa dakika 45 kusingeleta matokeo hayohayo. Mchoro si dawa ya sonona wala ya shinikizo la damu, na anayeacha vidonge vyake kwa sababu amepata daftari anajidanganya.

Ila kuna jambo ambalo mchoro hulifanya na maneno hayalifikii. Daktari Carl Stafstrom na wenzake walichapisha mwaka 2002, katika jarida la Pediatrics la Marekani, uchunguzi wa watoto 226 wenye maumivu ya kichwa. Kila mtoto aliombwa ajichore akiwa anaumwa. Wataalamu wa mishipa ya fahamu, bila kujua historia ya mtoto, walitazama michoro na kukisia kama ni kipandauso au la. Walipolinganishwa na uchunguzi kamili wa kitabibu, michoro iliwatambua takriban watoto 93 katika kila 100 wenye kipandauso. Watoto walikuwa wamechora nyundo juu ya kichwa, nyota mbele ya macho, chumba chenye giza, mtu aliyelala. Mtoto wa miaka sita hana neno la kueleza kuona vimulimuli, lakini nyota anaijua kuichora. Na watu wazima wangapi hukaa mbele ya tabibu wakirudia neno moja tu, “naumwa,” ilhali ndani wana picha nzima?

Sasa tutoke daftarini. Mwaka 2007 mwandishi wa habari Gabriel Campanario, mzaliwa wa Hispania anayeishi Seattle, Marekani, aliwakusanya mtandaoni watu wanaochora walichokiona kwa macho yao wenyewe: kituo cha basi, meza ya chai, jengo la mtaani. Jamii hiyo, Urban Sketchers, imeenea katika nchi nyingi. Kanuni zake ni chache: chora ukiwa mahali penyewe, uwe mkweli kwa ulichokiona, saidianeni, na onyesheni kazi zenu. Mwaka huohuo Ian Williams, daktari wa Wales ambaye pia ni mchoraji, alianzisha tovuti ya Graphic Medicine, inayokusanya hadithi za ugonjwa na uuguzi zilizosimuliwa kwa katuni. Wagonjwa, ndugu zao, madaktari na wauguzi wote wamechangia katika uwanja huo.

Anayelala wodini miezi miwili hupata nini kwa kumwonyesha mtu wa mbali mchoro wa chupa ya chai? Kwanza hupata shahidi. Ugonjwa wa muda mrefu una upweke wake; wageni hupungua, simu hunyamaza, na siku hufanana. Mchoro mmoja kwa siku huipa kila siku alama yake, na jibu la mtu mmoja humweleza mgonjwa kwamba bado ana jambo la kuwapa wengine zaidi ya habari za homa yake. Pili, huko haulizwi kwanza kuhusu ugonjwa. Anaulizwa alivyopata kivuli cha mpini wa kikombe.

Faida hiyo hutegemea sana aina ya jamii. Palipo na hesabu ya waliopenda, mkono huanza kuchora kwa ajili ya hesabu, na aliyeamka na maumivu huongezewa huzuni ya mchoro uliopuuzwa. Tunapendekeza kundi dogo, la watu wanaojibu kwa maneno. Na majibu yenyewe yana adabu yake. “Hongera” haidhuru, lakini swali kama “mbona umeliacha dirisha wazi?” humpa mchoraji nafasi ya kusema jambo alilokuwa hajalisema.

Mgonjwa anayetaka kuanza ahitaji nini? Kalamu ya kawaida na daftari la shule vinatosha. Anayesafishwa damu kwa mashine hukaa takriban saa nne, mara tatu kwa wiki. Mkono wenye sindano hautakiwi kutikiswa, na kwa kuwa mshipa wa kusafishia damu kwa kawaida huandaliwa kwenye mkono usioandikia, ule mwingine huwa huru. Kabla ya kupiga picha daftari, aangalie kilichomo pembeni: kadi yenye jina na namba ya faili, karatasi ya majibu ya maabara, uso wa mgonjwa wa jirani. Azime pia kipengele cha mahali kwenye kamera, kwani picha ya simu inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa.

Kwa mhudumu wa afya suala ni zito zaidi. Wapo wauguzi na madaktari wanaochora baada ya zamu ili waweze kulala, nasi hatuna neno la kuwalaumu. Kumchora mzee aliyefariki alfajiri huenda ni njia ya heshima zaidi ya kumkumbuka kuliko kujifanya hakuwapo. Hatari inaanzia kwenye kitufe cha kutuma. Wengi hudhani kwamba mchoro, kwa kuwa si picha ya kamera na hauna jina, haumtambulishi mtu. Lakini kovu la shavuni, kanga yenye maandishi yanayosomeka, namba ya kitanda, au maneno “mama wa mapacha wa leo” vinatosha kabisa katika mji mdogo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Na hata pasingekuwa na sheria, siri ya mgonjwa haikuanza na intaneti.

Kuomba ridhaa peke yake hakutoshi. Mgonjwa anayesubiri umchome sindano ya maumivu atakubali lolote. Ridhaa yenye maana huombwa anapokuwa na nafuu, na ikiwezekana huombwa na mtu asiyemhudumia, baada ya kumwonyesha mchoro wenyewe na kumweleza utaonekana na nani. Akikataa, mchoro usitoke. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aulizwe, na mtoto mwenyewe pia. Njia salama ni kugeuza macho: kuchora ndala zilizopangwa mlangoni mwa wodi, glavu zilizotupwa, mwanga wa dirishani, mikono yako mwenyewe. Mara nyingi michoro hiyo husema zaidi kuliko sura.

Limebaki jambo ambalo wanajamii wa mtandaoni hulikuta bila kujiandaa: mtu ambaye michoro yake inazidi kuwa na giza, kamba, kaburi, mwili unaoanguka. Mchoro hautambui ugonjwa wa akili, na weusi wa wino si ushahidi. Wengine huchora vifo kwa sababu wamefiwa, au kwa sababu ndiyo sanaa waipendayo. Hata hivyo, mchoro wa namna hiyo ukiambatana na maneno ya kuaga, ya kujiona mzigo, au ukimya wa ghafla, usijibiwe kwa alama ya moyo. Mwandikie mwenyewe faraghani na umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuuliza hivyo hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kwa wengi ni mara ya kwanza kupata nafasi ya kulisema. Akijibu ndiyo, usibaki na siri hiyo peke yako. Muulize yuko wapi na nani yuko karibu naye, mshawishi aviweke mbali dawa, sumu au chombo alichokiwazia, na ahakikishiwe mtu wa kufuatana naye hadi kituo cha afya siku hiyohiyo. Akiwa na daftari lake alichukue. Mhudumu atakayempokea anaweza kuanza kwa kumwomba amwonyeshe ukurasa wa mwisho na amsimulie alichokichora.