Kichanja cha draya si cha kuanikia vikombe

Kwa miezi minne nilianika vikombe kwenye kichanja ambacho hakikuwa cha vikombe. Kazi yangu ni kutunza nyumba ya wageni huku Nyali, na nyumba hiyo ina draya, yaani mashine ya kukausha nguo. Nilipoanza kazi nilikikuta kando ya sinki: cha waya, cheupe, miguu miwili mirefu na miwili mifupi. Nilidhani kimepinda. Nikakunja kitambaa nikakiweka chini ya ile miguu mifupi kisiyumbe, maisha yakaendelea.

Kilichonifumbua macho ni hasara. Mwezi wa tano, masika imepamba moto, kamba za kuanikia hazina maana, mgeni mmoja akaniletea raba zake za kukimbilia zimerowa chapachapa. "Dada, nazihitaji kesho asubuhi." Nikaziosha, nikazitia kwenye draya, nikaweka joto la juu kabisa. Kishindo kilichotoka humo ndani kilimleta bawabu mbio kutoka getini. Baada ya saa moja zilikuwa kavu, ndiyo, lakini soli moja imefunguka mdomo kama samaki. Fidia ilitoka kwenye mshahara wangu.

Fundi aliyekuja kuikagua mashine ndiye aliyeona vikombe vyangu akacheka. "Dada yangu, hicho ni kifaa cha mashine, si cha jikoni."

Ndani ya draya kuna pipa linalozunguka huku hewa ya moto ikipita katikati yake. Nguo hubebwa juu, zikaanguka, zikabebwa tena, na kurushwa huko ndiko kunakozikausha upesi. Ila si kila kitu kinavumilia kurushwa. Kiatu kinajigonga hadi gundi iachie. Sweta ya sufi ni mbaya zaidi, kwani nyuzi zake zina magamba madogo madogo. Zikipata maji, joto na msukosuko hushikana, na sweta ya mtu mzima ikatoka inamtosha mtoto. (Mtaniuliza nani anavaa sufi Mombasa. Wageni wa kutoka bara wanashuka nazo.)

Kichanja chenyewe hakizunguki. Miguu ya nyuma inakaa kwenye ukingo wa ukuta wa nyuma, ya mbele kwenye mdomo wa mlango karibu na chujio. Pipa linazunguka kukipita, nacho kimetulia kama daraja. Ulichoweka juu yake kinapigwa na hewa tu. Ndiyo maana miguu haikuwa sawa: haikupinda, ilitengenezwa kwa mashine ile.

Kwa hiyo usikiazime cha jirani. Kichanja kisicholingana na mashine kitateleza na kukwaruza pipa. Zipo pia draya ambazo ukuta wa nyuma unazunguka pamoja na pipa, na hizo hakina pa kukaa. Mimi kabla ya kufunga mlango hulizungusha pipa kwa mkono mzunguko mmoja. Kamba za viatu nazifungia ndani, na mikono ya sweta naikunja isining'inie.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa saa. Mashine yetu ina kihisi kinachopima unyevu kwa kuguswa na nguo. Kitu kikiwa juu ya kichanja hakikigusi, basi mashine inaona pipa ni tupu na kavu, inazima baada ya dakika chache. Niliwasha mara tatu nikidhani stima ina matatizo. Dawa yake ni kuchagua muda mwenyewe, dakika 60 kwa sweta, 90 kwa raba, joto la chini, na kusafisha chujio kwanza. Wala usichanganye na nguo nyingine chini yake. Hesabu na tokeni pia: draya nyingi za nyumbani hula wati 2,000 hadi 2,500 zikiwa na joto, hivyo saa moja ya joto la juu inaweza kumaliza uniti mbili na zaidi kwa ajili ya jozi moja ya viatu. Jua likiwapo, mimi naweka viatu barazani na magazeti ndani yake.

Viatu vya ngozi sivitii kamwe, vinakauka vikapasuka. Sponji na mpira laini havipewi joto, hewa baridi tu, kwa sababu vinaweza kushika moto. Na kuna hili la kwetu hasa: taulo za watu waliokandwa kwa mafuta ya nazi. Sabuni haiyatoi mafuta yote, na yanayobaki kwenye kitambaa yakishapata joto huendelea kujichemsha yenyewe. Taulo zikitolewa za moto na kurundikwa kwenye kapu zinaweza kuwaka saa kadhaa baadaye, mashine imeshazimwa na watu wamelala. Hizo nazifua kwa maji ya moto, halafu ni kamba na upepo, hata ikichukua siku mbili.

Vikombe sasa navianika juu ya kitambaa. Nimemwomba mwenye nyumba anunue kichanja cha vyombo, ameniambia mwezi ujao.