Wapiga besi wa Ukambani: Sauti yasikika, jina halionekani

Abiria apandaye basi la usiku pale Mwembe Tayari, Mombasa, kwenda Nairobi, hana haja ya kuchungulia dirishani ili ajue amefika wapi. Akishapita Mariakani na Voi, na basi likaingia Mtito Andei, asikilize redio tu. Muziki hubadilika. Gitaa moja hulia juu kabisa, jembamba kama filimbi. La pili hulijibu. Na chini yao kuna sauti nzito iendayo mbio bila kuchoka. Hapo msafiri yumo Makueni. Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud ziko mbele yake, na akipinda kulia pale Kibwezi, barabara itampeleka Mutomo hadi Kitui.

Wengi wetu wa pwani tukiusikia muziki huo husifu lile gitaa la juu. Si vibaya, kwani ndilo alama ya Ukambani. Lakini leo tunataka kuzungumza juu ya ile sauti ya chini, yaani besi, na juu ya mtu aipigaye.

Watu wa pwani wanajua mambo ya vyombo. Jahazi linapoingia bandarini, watu huliangalia tanga, na fundi husifiwa kwa nakshi za tezi. Mkuku umo majini, hakuna anayeutaja. Lakini bila ya mkuku hakuna jahazi, kuna mbao tu. Mpiga besi ndiye mkuku wa bendi.

NYUZI NNE TU

Gitaa la besi kwa kawaida lina nyuzi nne nene, na sauti yake iko oktavu moja chini ya gitaa tulizozizoea. Mtu asiyejua hudhani kazi yake ni nyepesi, kwa kuwa nyuzi ni chache. Sivyo. Mpiga besi amesimama baina ya ngoma na magitaa. Akichelewa kidogo, wachezaji hukosa hatua. Akiwahi, mwimbaji hukosa pumzi.

Tena besi si moja. Katika rumba, besi hutembea kwa madaha, ikiacha nafasi ili tumba zisikike. Katika benga, muziki uliokulia kwa Wajaluo wa Nyanza kisha ukapokewa na Wakamba na Wakikuyu, besi haitulii. Huruka, hurudi, hushindana na gitaa la solo. Wakamba waliongeza yao: ngoma ya mguu inayogonga kila pigo bila kukosa, na lile gitaa la juu linalosuka. Hapo mpiga besi hana pa kujificha. Magitaa mawili yakiwa yote juu, nafasi yote ya chini ni yake peke yake.

Na sisi huku tunayo yetu. Katika taarabu ya Mombasa, pembeni mwa tashkota na kinanda, gitaa la besi limekuwako kwa miaka mingi, na kazi yake ni kuwa na subira, kumwachia mwimbaji amalize beti yake. Unguja na Pemba, kazi hiyo hufanywa na besi kubwa la kusimama. Chakacha nayo ina mwendo wake wa tatu-tatu, ambao mgeni akiupiga kwa hesabu ya benga, akina mama wataacha kucheza mara moja.

Mpiga besi wa kukodiwa katika studio za Nairobi alitakiwa ayajue hayo yote, au sehemu kubwa yake. Studio haikumwuliza kabila lake wala apendacho. Leo anaitwa kwa benga ya Kikamba, kesho kwa rumba ya Kiswahili, keshokutwa kwa kwaya ya kanisa. Anasikiliza wimbo mara moja au mbili, anatafuta ufunguo wake, na taa ya kurekodi inawashwa. Ustadi wake ni kubadilika bila ya kubabaika.

BENDI NI NYINGI, MAJINA NI MACHACHE

Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa neema kwa bendi za Ukambani. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake walivuma nchi nzima, kwa sababu mbali na Kikamba aliimba pia kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1987 akiwa bado kijana. Kulikuwa na Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki, na Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Lower Mbooni Boys jina lao lenyewe latutajia milima ya Mbooni, ambayo siku hizi imo katika Makueni. Zamani ilikuwa Machakos, mpaka wilaya ya Makueni ilipokatwa mwaka 1992.

Na tusiwasahau Kalambya Sisters, akina dada ambao wimbo wao juu ya msichana Katelina uliingia hata katika majumba ya watu wasiojua neno moja la Kikamba. Nyuma ya akina dada hao walipiga Kalambya Boys wenyewe. Basi usikilize wimbo wa wanaume, kisha wa akina dada, uangalie namna ya kupiga inavyobadilika. Nyuma ya sauti nyembamba za wanawake, besi haina budi kuacha nafasi zaidi.

Sasa chukua moja ya santuri hizo ndogo za arobaini na tano. Wimbo umekatwa vipande viwili, kwa kuwa kila upande ulibeba dakika chache tu. Upande wa kwanza aghlabu ni wa maneno. Geuza wa pili: mara nyingi mwimbaji amenyamaza, magitaa yamekolea, na besi ndiyo inayoubeba wimbo mpaka mwisho. Soma karatasi ya katikati. Utakuta jina la wimbo, la bendi, la mtunzi, na la kampuni. Jina la mpiga besi halimo.

Santuri ndefu nazo hazikutengeneza mambo. Nyingi zilikuwa mkusanyo wa zile ndogo, nyimbo zilizorekodiwa kwa nyakati mbalimbali, zikatiwa katika jalada moja lenye picha ya kiongozi wa bendi. Huenda vidole vya watu watatu vimo katika santuri moja, na hapana ajuaye kipi ni cha nani.

Mara chache jina hutoka. Mwishoni mwa mwaka 1978, wanamuziki kadhaa waliiacha Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga wa Tanga, wakaunda Les Wanyika pamoja na John Ngereza. Mpiga besi wao alikuwa Tom Malanga. Mwaka uliofuata ukatoka wimbo Sina Makosa, na mpaka leo mtu akiuimba mdomoni, mara nyingi huanza na besi kabla ya maneno. Malanga anajulikana kwa sababu alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi. Mpiga besi aliyekodiwa kwa siku moja hakupata bahati hiyo.

SI KWETU PEKE YETU

Msomaji asidhani hii ni aibu ya Waafrika tu. Huko Detroit, Marekani, alikuwako James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi mno za kampuni ya Motown katika miaka ya 1960. Ulimwengu ulizicheza, lakini jina lake halikuwamo katika majalada mpaka mwaka 1971, Marvin Gaye alipotoa santuri yake ya What's Going On. Jamerson alifariki mwaka 1983. Mwaka 2000 ndipo alipoingizwa katika jumba la heshima la muziki wa rock, miaka 17 baada ya kuzikwa.

Hata hivyo alipata. Sababu ni kwamba wenzake waliokuwa naye studio walikumbuka, na watu wakaandika.

DENI LENYEWE

Jina si fahari tu. Mpiga besi wa kukodiwa hulipwa mara moja, akatoka mlangoni. Wimbo ukiuzwa miaka 40, ukapigwa redioni na katika magari, mkono wake umo humo kila siku. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliwatambua wapigaji na waimbaji, si mtunzi peke yake, na chama kiitwacho PRISK kikaundwa kwa ajili ya haki zao. Jambo jema. Lakini mzee aliyepiga besi kabla ya sheria hiyo, na ambaye jina lake halikuandikwa popote, atathibitisha vipi kwamba vidole vile ni vyake?

Kitui na Makueni bado kuna bendi, na redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM bado zinaburudisha watu kwa nyimbo za zamani. Siku hizi kompyuta nayo yaweza kupiga besi, na mtayarishaji akapunguza gharama ya mtu mmoja. Hatuwezi kuizuia. Lakini wale waliozijenga nyimbo ambazo kompyuta inaziiga, baadhi yao wangali hai, na wenzao waliosimama nao studio wangali wanakumbuka.

Basi watangazaji wanaozipiga nyimbo hizo wawaulize viongozi wa bendi waliobaki: nani alishika besi siku ile? Waandike. Wenye santuri majumbani, hata huku Mombasa, Lamu na Malindi, wakijua jina waliandike nyuma ya jalada kwa kalamu. Na vijana wanaorekodi leo, Wote au Mwingi, wasitoe wimbo kabla ya kuwataja wote waliopiga. Ni kazi ya dakika moja. Jahazi zuri lisifiwe, lakini aliyechonga mkuku naye atajwe.