Anaongea na kopo la maji saa nane usiku: tabia 7 za watengeneza programu na sababu zake

Saa nane usiku, Nyegezi. Nyumba nzima imelala, lakini chumba cha uani bado kina mwanga. Unaamka kwenda chooni, unapita dirishani, unamsikia mdogo wako anaongea.

"Hapa namchukua mteja. Hapa naangalia salio lake. Halafu... ngoja. Ngoja kwanza. Hili salio linatoka wapi?"

Unachungulia ukidhani ana mgeni. Hamna mgeni. Mbele yake kuna laptopu na kopo la maji, na anayeelezwa yote hayo ni kopo.

Usimwite mchungaji bado. Huyo ni mtengeneza programu yuko kazini, na anachofanya kina jina, kina historia, na mara nyingi kinaleta majibu.

Siku hizi vijana wanaoandika kodi wako kila kona ya Mwanza, kuanzia vyuoni mpaka vyumba vya kupanga vya Buhongwa na Kirumba. (Kodi hii si ya TRA wala ya mwenye nyumba. Ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini.) Wanaofanyia kazi nyumbani wanajua tabu yake: mtu akikaa na kompyuta siku nzima, familia inaona anacheza tu. Akiwa na tabia za ajabu juu yake, basi ndiyo kabisa.

Tumekusanya tabia 7 zinazojulikana zaidi. Karibu zote zina sababu ya maana, na kuzijua kunaweza kuokoa amani ya nyumba yako.

1. Kuongea peke yake

Mwaka 1999 wataalamu wawili, Andrew Hunt na David Thomas, walitoa kitabu kinachoitwa The Pragmatic Programmer. Ndani yake kuna habari ya bata wa mpira, yule wa kuchezea watoto wakati wa kuoga. Ushauri ni huu: ukikwama, mweleze bata kodi yako mstari kwa mstari. Tangu hapo duniani kote kuna watengeneza programu wenye bata mezani.

Kwa nini inasaidia? Ukisoma kimoyomoyo kitu ulichokiandika mwenyewe, akili inaruka sehemu inazodhani inazijua. Ukikieleza kwa sauti, huwezi kuruka. Chukua programu ya kikundi cha kuweka na kukopa ambayo inakata riba mara mbili. Unaweza kuitazama saa tatu usione kosa. Ukianza kueleza "hapa nakata riba, halafu hapa nakata...", ulimi unagoma wenyewe.

Bata si lazima. Kopo, mto au paka wa nyumbani wote wanafaa, mradi wasikukatize.

2. Kuvaa hedifoni zisizo na muziki

Umemwita mara tatu, hajaitika. Unamvua hedifoni kwa hasira, unakuta kimya. Hakuna wimbo wowote.

Hizo hedifoni ni mlango. Anayefanyia kazi sebuleni hana mlango wa kufunga, kwa hiyo anaufunga masikioni.

Mfikirie konda wa daladala ya Igoma saa kumi na mbili jioni. Kichwani ameshika mengi kwa pamoja: yule kalipa, yule anadai chenji ya mia sita, yule wa nyuma anashuka kituo kinachofuata. Sasa mtu amshike shati aanze kumpa habari za msiba wa kijijini. Akimaliza, hesabu yote imeyeyuka, na chenji ya watu imeleta kelele.

Mtengeneza programu naye anabeba picha kubwa kichwani, na picha hiyo haijaandikwa popote. Watafiti wa Marekani, Chris Parnin na Spencer Rugaber, walichambua kumbukumbu za kazi za watengeneza programu 86, vipindi kama 10,000. Waliona kwamba baada ya kukatizwa, mara nyingi mtu huchukua dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza tena kuhariri kodi.

Piga hesabu. "Njoo mara moja" tano kwa siku, kila moja ya dakika mbili, zinakula karibu saa nzima au zaidi. Kwa mtu anayelipwa akimaliza kazi, hiyo ni hela.

Wengine hupiga wimbo mmoja siku nzima, mara hamsini. Sababu ni ile ile: wimbo uliouzoea haukuiti uusikilize.

3. Kugeuza usiku kuwa mchana

Hapa sababu ni mbili. Ya kwanza ni utulivu, maana saa nane usiku hakuna wa kukutuma dukani. Ya pili ni ya mfukoni: bando la usiku lina bei nafuu, na kazi hii inahitaji kupakua mafaili makubwa.

Watu wa kando ya ziwa hawapaswi kushangaa sana. Wavuvi wa dagaa nao huingia kazini wengine wakilala. Usiku usio na mwezi taa zao zinaonekana kule majini kama mji mwingine, na hakuna anayewaita wavivu wakilala asubuhi.

Ila Mwanza ina adha yake. Ukiacha dirisha wazi na skrini inawaka, msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu kama moshi, wanahamia kwako. Hawaumi, lakini wanajaa kwenye skrini, kwenye kibodi na kwenye chai. Ndiyo maana unamkuta mtu amezima taa, kafunga dirisha, na joto lote lile anajipepea kwa daftari.

Mdudu kwenye kompyuta ana historia yake pia. Kwa Kiingereza kosa la programu linaitwa mdudu. Mafundi walilitumia neno hilo tangu karne ya 19, lakini tarehe 9 Septemba 1947 walioendesha kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo halisi ndani ya mashine. Wakambandika kwenye daftari la kazi na kuandika kwa utani kwamba safari hii wamempata mdudu kweli. Daftari hilo limehifadhiwa makumbusho nchini Marekani hadi leo.

4. Kusevu, kusevu tena, na kusevu kwa mara ya mwisho

Mtazame vidole. Kila akiandika mistari miwili anabonyeza kusevu. Hajaandika kitu kipya, anabonyeza tena. Chaji ikishuka kidogo tu, anaanza kutazama ukutani kama mtu anayedaiwa.

Hii tabia imefundishwa na umeme. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 bado uko kwenye kumbukumbu za watu. Aliyewahi kupoteza kazi ya saa nne kwa sekunde moja, vidole vyake havisahau.

Intaneti nayo ina yake. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia sana. Ndiyo maana wengi hupakua maelekezo ya kazi mapema, wasome hata mtandao ukizima.

Kinga kubwa zaidi ni programu inayoitwa Git, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland aliyeanzisha pia Linux. Git inatunza historia nzima ya kazi yako, na inafanya hivyo hata bila intaneti. Mtandao ukirudi, unatuma nakala mbali. Laptopu ikiibiwa kesho, mwizi amechukua chuma, kazi imebaki.

5. Kuipa kodi majina ya vyakula na ndugu

Ndani ya programu kila kitu kinahitaji jina. Wakati wa majaribio watu wa Ulaya na Marekani huandika "foo" na "bar", maneno yasiyo na maana yoyote. Mwaka 2001, tarehe 1 Aprili, wataalamu wa intaneti walitoa hata waraka rasmi wa utani kueleza "foo" imetoka wapi.

Kwetu usishangae kukuta "ugali", "sato1", "sato2" au jina la shangazi. Kunachekesha na kunaokoa muda, kwa sababu jina linalojulikana halichanganyi na jina la kweli la mteja.

Hatari ni kusahau kuyafuta. Siku mfumo unafunguliwa, mteja wa kwanza anapokea meseji: "Ndugu ugali ugali, malipo yako yamepokelewa." Hapo hakuna anayecheka.

6. Kuondoka ghafla bila kuaga

Amekaa saa mbili, kanuna. Ghafla anasimama, anatoka. Unamkuta Capripoint kwenye mawe anatazama ziwa, au anaoga kwa mara ya pili siku hiyo.

Hajakata tamaa. Tatizo likikaza, kulikodolea macho kunakurudisha njia ile ile iliyoshindikana. Ukitembea, akili inaacha njia hiyo na kujaribu nyingine bila wewe kuisukuma. Ndiyo maana jibu humkuta mtu ana sabuni kichwani.

Macho nayo yanashukuru. Wataalamu wa macho hushauri kila dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Ukiwa na ziwa dirishani, huna kisingizio.

7. Ijumaa jioni hagusi kitu

Bosi anataka mabadiliko "madogo tu" yaingie kwenye mfumo Ijumaa saa kumi. Mtengeneza programu mzoefu atatafuta kila sababu mpaka Jumatatu ifike.

Inaonekana kama ushirikina, lakini ni hesabu. Kitu kikiharibika Jumanne asubuhi, wote wapo kazini. Kikiharibika Ijumaa usiku, mmoja yuko harusini, mwingine yuko kwenye basi la kwenda Bukoba, na wateja wanaendelea kukwama hadi Jumatatu. Mabadiliko madogo tu ndiyo yanayoua mifumo, kwa sababu hakuna anayeyaogopa.

Ile isiyochekesha

Katika zote 7, kuna moja inayogeuka kuwa ugonjwa: ya usiku. Mvuvi wa dagaa akirudi asubuhi analala, na nyumba inajua baba amelala. Kijana wa laptopu anamaliza saa kumi na moja alfajiri, saa moja anaamshwa kufungua duka, mchana ana kikao na mteja, usiku anarudi mezani. Wiki nzima hivyo, huku kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vikifanya kazi ya usingizi.

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za kulala. Zikikosekana kwa muda mrefu, presha, uzito na msongo wa mawazo vyote vinapata mlango. Na kwa kazi yenyewe ni hasara tupu: anayeandika kodi bila kulala anatengeneza makosa usiku ya kuyatafuta kesho.

Shida ni kwamba familia isiyoamini kama ile ni kazi haiwezi kuheshimu mapumziko yake. Na kijana asiyeieleza kazi yake anabaki kuitwa mvivu huku anajiua taratibu.

Kwa hiyo mfanyeje?

Kaeni mkubaliane, dakika kumi zinatosha.

Kwa familia: hedifoni zikiwa masikioni, mwiteni kwa dharura tu. Mengine yaandikeni meseji, atajibu akipumua. Akilala asubuhi baada ya kazi ya usiku, mhesabuni kama mlinzi aliyetoka zamu.

Kwa wewe wa laptopu: waeleze watu unafanya nini, kwa Kiswahili cha kawaida. Mwonyeshe mama hiyo programu ikifanya kazi kwenye simu yake. Weka saa ya kuvua hedifoni, ule na wenzako, ubebe ndoo ya maji kama wengine. Na lala.

Na ukipita usiku ukamsikia anaongea na kopo, pita taratibu. Likiwa tupu, mjazie.