Kadi ya Sauti katika Mfumo wa Linux: Mwongozo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Fasihi simulizi hukaa kinywani mwa mtambaji na sikioni mwa hadhira. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani kukusanya ngano, majigambo au nyimbo za mivigha hurejea chuoni akiwa amebeba sauti, wala si maandishi. Unukuzi, tafsiri na uhakiki ni kazi zinazofuata, na zote hutegemea uwezo wa tarakilishi wa kuitoa sauti hiyo jinsi ilivyonaswa. Kwa mtafiti wa namna hii, tarakilishi iliyo bubu haina faida kubwa kuliko taipureta.

Wapo wanafunzi na walimu wanaouchagua mfumo wa Linux kwa kuwa hautozi ada ya leseni na kwa kuwa huweza kuipa uhai mpya tarakilishi kuukuu. Baadhi yao hukumbana na tatizo moja. Mfumo husakinishwa vizuri, maandishi huonekana na intaneti hupatikana, lakini sauti haitoki. Aghalabu mhusika hukata kauli kwamba kadi ya sauti imeharibika, au huurejea mfumo alioukimbia.

Makala hii inalenga kueleza chanzo cha ububu huo na namna ya kuuondoa. Hoja yetu kuu ni kwamba sauti hupitia vituo kadhaa vilivyopangana, na kila ukimya una kituo chake. Anayekagua kituo kimoja baada ya kingine, akianzia chini, atagundua kizuizi kilipo. Anayebahatisha huweza kuvuruga hata kile kilichokuwa kizima.

Ufafanuzi wa Istilahi

Kabla ya kuendelea, ni muhimu tuafikiane kuhusu maneno, maana mengine huleta utata. Neno "kipaza sauti" hutumiwa na baadhi ya watu kumaanisha kile chombo cha kusemea na wengine kile cha kusikilizia. Katika makala hii tutasema "maikrofoni" na "spika" mtawalia. Vivyo hivyo, "kiendeshi" limezoeleka kwa kifaa cha kuhifadhia data. Kwa hivyo ile programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa tutaiita "kiendeshaji". "Kiini" ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, inayosimamia kumbukumbu na vifaa vyote. Kwa hakika, Linux ni jina la kiini hicho, kilichoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini.

Swala la istilahi si dogo. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba lugha yetu inaweza kuibeba teknolojia, mradi wataalamu wake wakubali kuielewa teknolojia yenyewe.

Safari ya Sauti

Kituo cha kwanza ni kadi yenyewe. Kazi yake ni kugeuza tarakimu ziwe mawimbi ya umeme yanayoitikisa spika, na kugeuza mawimbi yatokayo kwenye maikrofoni yawe tarakimu. Zamani kadi ilinunuliwa kando na kupachikwa ndani ya tarakilishi. Siku hizi, katika tarakilishi nyingi, huwa ni sehemu ya ubao mkuu.

Kituo cha pili ni kiendeshaji kilicho ndani ya kiini. Viendeshaji vya sauti vya Linux vimekusanywa katika mfumo uitwao ALSA, ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka wa 1998. Mfumo huo uliingizwa katika kiini mwaka wa 2002, ukachukua nafasi ya ule uliotangulia, OSS, katika toleo la 2.6 lililotoka Desemba 2003.

Kituo cha tatu ni kichanganyaji, yaani vidhibiti vinavyoamua ni mkondo upi uko wazi na una nguvu kiasi gani.

Kituo cha nne ni seva ya sauti, ambayo hupokea sauti kutoka kwa programu mbalimbali na kuzigawa ili zisigombanie kadi moja. Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na PulseAudio, iliyoasisiwa na Lennart Poettering. Tangu Fedora 34 ya mwaka wa 2021 na Ubuntu 22.10 ya mwaka wa 2022, nafasi hiyo katika mifumo hiyo mikubwa imechukuliwa na PipeWire, kazi iliyoanzishwa na Wim Taymans.

Kituo cha tano ni programu anayoitumia mtafiti kusikiliza au kunasa.

Uchunguzi kwa Hatua

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mfumo unaiona kadi. Fungua dirisha la amri, andika lspci, kisha utafute mstari wenye neno Audio. Ikiwa kadi ni ya kuchomekwa kwenye tundu la USB, tumia lsusb. Kadi isipoonekana hapa, huenda imezimwa katika mipangilio ya awali inayopatikana tarakilishi inapowashwa, au imeharibika kweli. Hiki ndicho kituo pekee ambapo dhana ya uharibifu inafaa kutangulizwa.

Hatua ya pili ni kuchunguza iwapo kadi imepata kiendeshaji. Andika aplay -l. Mfumo ukiitaja kadi kwa jina na nambari, kiendeshaji kipo. Ukisema hakuna kadi ilhali hatua ya kwanza iliionyesha, basi kiini hakina kiendeshaji chake, au kiendeshaji kipo lakini kinakosa faili ndogo ya maelekezo inayopakiwa ndani ya kadi kabla haijaanza kazi. Vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni vyenye vichakataji vya Intel huhitaji faili za namna hiyo, na katika Debian hupatikana katika pakiti iitwayo firmware-sof-signed. Amri ya sudo dmesg huonyesha kumbukumbu za kiini, na mara nyingi hulitaja jina la faili inayokosekana. Kusakinisha kiini kipya zaidi pia hutatua tatizo ikiwa kadi ni ya kisasa kuliko mfumo.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kwa desturi, ALSA huanza ikiwa imeifunga mikondo ya sauti ili spika zisishtukizwe na mlio mkubwa. Mifumo mingi hujifungulia mikondo hiyo, lakini si yote, na si kwa kila kadi. Andika alsamixer, kisha bonyeza F6 na uchague kadi halisi, kwa sababu mara nyingi ukurasa wa kwanza huonyesha kidhibiti cha seva ya sauti tu. Safu yenye alama MM chini yake imenyamazishwa. Iendee kwa vishale, bonyeza M ili kuifungua, kisha uipandishe. Usiishie kwenye safu ya Master. Kagua pia Speaker, Headphone na PCM. Ukiridhika, amri ya sudo alsactl store huyahifadhi mabadiliko.

Hatua ya nne ni kuhakiki njia ya kutokea. Tarakilishi nyingi zina vifaa viwili vya sauti: kile cha spika, na kile cha waya wa HDMI upelekao picha kwenye skrini ya nje. Seva ya sauti ikichagua HDMI, sauti huenda kwenye skrini ambayo pengine haina spika. Hapo kila kitu ni kizima, ila sauti imepotea njia. Programu ya pavucontrol huonyesha vifaa vyote na kumwezesha mtumiaji kuchagua kinachofaa. Kwa jaribio, andika speaker-test -c 2 -t wav. Sauti ya mtu itasikika kwanza upande wa kushoto, kisha wa kulia.

Hatua ya tano ni programu yenyewe. Jaribio likisikika lakini programu ikabaki kimya, kagua mipangilio ya programu hiyo na kiwango chake cha sauti katika pavucontrol. Hapana haja ya kuyagusa yaliyo chini.

Kunasa Sauti na Kuziokoa Kanda

Kwa mtafiti, kusikia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kunasa. Katika alsamixer, kibonye cha F4 huonyesha mikondo ya kupokelea sauti, na kibonye cha nafasi huuwasha mkondo uliochaguliwa. Kisha andika arecord -f cd -d 10 jaribio.wav, useme kwa sekunde kumi, na usikilize kwa aplay jaribio.wav.

Utaratibu huu una uzito mkubwa kwa kanda za kaseti. Katika makabati ya watafiti wa miaka ya 1970 hadi 1990 mna sauti za watambaji na malenga ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki. Utepe wa kaseti huchakaa hata ukiwa umefungiwa, na vinasa sauti vya kuuchezea vinazidi kuadimika. Waya mmoja kutoka kwenye kinasa sauti hadi kwenye kadi inayofanya kazi unatosha kuziokoa. Hata hivyo, tundu linalotumiwa ni muhimu. Kwa kawaida tundu la kijani ni la spika, la waridi ni la maikrofoni, na la samawati ni la kupokea sauti kutoka kwenye mashine nyingine. Kaseti iingie kwenye la samawati, kwani lile la waridi hukuza mawimbi dhaifu ya maikrofoni, na mawimbi ya kinasa sauti yakipitia humo hukwaruza.

Kiwango cha unasaji nacho kisipuuzwe. Kigezo cha cd katika amri iliyotajwa huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ikiwa na biti 16, katika njia mbili. Kanda ya dakika 60 huchukua takriban megabaiti 635. Mtu huweza kushawishika kunasa kwa sampuli 8,000 ili aokoe nafasi. Tatizo ni kwamba sauti ya juu kabisa inayohifadhika ni nusu ya idadi ya sampuli, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde, ilhali sehemu kubwa ya kinachopambanua /s/ na /f/ iko juu ya hapo. Mnukuzi atajikuta akikisia iwapo mtambaji alisema "sisi" au "fisi", na katika ngano kosa hilo hubadilisha mhusika. Vilevile, mpumuo unaotofautisha paa wa nyumba na p'aa wa mwituni katika Kimvita humezwa kwa urahisi na mvumo wa unasaji hafifu. Anayetaka kupunguza ukubwa wa faili atumie muundo wa FLAC, ambao haupotezi chochote, badala ya MP3, ambao hutupa sehemu ya sauti.

Baada ya hapo uchanganuzi unaweza kuanza. Programu ya Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hupatikana bila malipo na hufanya kazi katika Linux.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ububu wa tarakilishi hauna muujiza ndani yake. Kadi, kiendeshaji, kichanganyaji, seva ya sauti na programu ni vituo vitano, na kila kimoja kina amri au kipimo cha kukikagua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuinama na kujifunza mambo haya wao wenyewe, pasipo kumsubiri fundi ambaye huenda haoni thamani ya kilichomo katika kanda. Kila chama cha wanafunzi kikiwa na tarakilishi moja inayonasa sauti ipasavyo na watu wawili wanaojua kuitunza, kazi ya kuzihamisha kanda za idara inaweza kuanza muhula huu.