Mkia wa Panya na Presha ya Binadamu

Kuanzia kivuko cha Magogoni hadi vichochoro vya Kariakoo, mwenye presha hakosi wa kumuuzia maua makavu ya rozela au unga wa mlonge, tena kwa kuapiwa kwamba dawa "imethibitishwa maabara". Maabara hiyo aghalabu ni ya panya, na thamani ya uthibitisho hutegemea jinsi panya huyo alivyopimwa.

Panya hana mkono wa kufungwa mkanda, hufungwa mkia. Huingizwa katika neli nyembamba asiweze kugeuka, mkia ukabaki nje. Mkanda mdogo hujazwa upepo hadi damu ikome kupita, kisha upepo huachiwa taratibu mpaka damu irejee. Njia hii haimjeruhi mnyama, lakini ina hila zake. Mkia ukiwa baridi, mishipa yake hujibana na kipimo hakisomeki, hivyo sharti upashwe joto. Panya asiyezoeshwa kufungiwa hutaharuki, shinikizo likapanda. Akizoea, hushuka bila tone la dawa. Mtafiti asiye na kundi la panya wanaopewa maji matupu na kupimwa vilevile ataisifu mizizi kwa kazi iliyofanywa na mazoea.

Wengine hupenyeza mrija katika ateri ya shingo. Usomaji ni wa moja kwa moja, ila mara nyingi panya huwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, nayo yenyewe huathiri shinikizo. Njia iliyo bora ni kupandikiza mwilini kifaa chenye redio, panya akapimwa mchana na usiku akizunguka tunduni mwake. Bei yake ndiyo kikwazo.

Rozela imepimwa kwa panya wa ukoo wenye presha ya kurithi, uliozalishwa Kyoto na Okamoto na Aoki mwaka 1963, na shinikizo likashuka. Hata hivyo, matokeo hayo hayamruhusu mgonjwa kuacha vidonge vyake, kwani kiharusi hakisubiri.

Naye mgonjwa aliyeshuka daladala Msimbazi, akatembea juani na kupimwa papo hapo, hana tofauti na panya asiyezoeshwa. Akae dakika 5, mgongo ukiegemea, mkono usawa wa moyo, mkanda ukimtosha; kisha apimwe mara 2.