Je, Wajua? Rangi na Plastiki Zilizojificha Kwenye Maganda

Je, wajua kwamba maganda makavu ya kitunguu, yale yanayopeperuka jikoni mpaka uvunguni mwa meza, yana rangi ya kutia kitambaa kizima? Jaza sufuria, mimina maji yafunike maganda, chemsha kwa saa moja. Maji yatakolea hudhurungi kama chai ya rangi iliyosahauliwa motoni. Chuja, kisha tumbukiza kitambaa cha pamba ulichokwisha kukichemsha na shabu, lile jiwe la vinyozi. Kitatoka na manjano ya dhahabu. Ukiongeza maji ya misumari yenye kutu, manjano hayo huzama yakawa kijani cha giza. Shabu na kutu ndizo zinazoishika rangi isikimbie kwenye maji ya kufulia: madini yake hukamata uzi upande mmoja na rangi upande wa pili.

Kwa nini rangi ikae gandani? Kwa sababu ganda ni mlinzi. Upo ukungu unaoshambulia vitunguu vyeupe na kuviachia madoa meusi, lakini vyekundu na vya njano hausumbui sana, kwa kuwa dawa zinazoandamana na rangi kwenye maganda yao huua mbegu za ukungu kabla hazijaota. Hili ndilo linalonisisimua kuliko yote: tunachokitupa ndicho mmea ulichokitengeneza kwa uangalifu, kistahimili jua, wadudu na maradhi. Kiwanda cha kukausha vitunguu, cha kukamua juisi, cha kumenya kamba, vyote huchukua kilicho laini na kutupa kilicho imara.

Waitaliano waliliona hilo mapema. Tangu 1879 wamekuwa wakiuza rangi nyekundu itolewayo kwenye makapi ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa mvinyo, na leo rangi za jamii hiyo huandikwa E163 kwenye pakiti za vyakula. Ndizo hizohizo zilizomo kwenye rozela. Tia magadi kidogo kwenye glasi ya juisi ya rozela uone: wekundu unapotea, unakuja ubuluu, kisha kijani. Ukikamulia ndimu, wekundu hurudi. Kwa hiyo hazifai sana kwa nguo, maana sabuni nayo ina tabia ya magadi, lakini kwenye jemu na vinywaji vyenye uchachu hutulia vizuri.

Mabaki hutoa plastiki pia. Je, wajua kwamba vifungo vya nguo viliwahi kutengenezwa kwa maziwa? Mwaka 1897 Wilhelm Krische na Adolf Spitteler walipata hataza nchini Ujerumani ya kugandisha protini ya maziwa kwa formalini. Waliiita galalithi, kwa maneno ya Kigiriki ya maziwa na jiwe, na malighafi yake ilikuwa maziwa yanayobaki baada ya kuengua malai ya siagi. Nyumbani, bila formalini, pasha kikombe cha maziwa, tia vijiko vinne vya chai vya siki, kamua mabonge kwa kitambaa, finyanga, kisha acha siku mbili tatu. Hukauka yakawa magumu, ukiyagonga mezani yanalia kama kokwa.

Wapo pia bakteria wanaojiwekea plastiki mwilini kama sisi tunavyojiwekea mafuta. Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur aliieleza plastiki hiyo, PHB, mwaka 1926. Bakteria hao hulishwa molasi, maji ya jibini, hata mafuta yaliyokwisha kukaangia, na plastiki yao huliwa na bakteria wengine udongoni.

Hapa naomba tuwe makini. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki 2017 na Tanzania 2019, tunatafuta mbadala, na si kila kilichotokana na mmea huoza. Polithini ya miwa itengenezwayo Brazil haiozi, ni sawa na ya mafuta ya petroli. PLA, plastiki inayotokana na sukari za mahindi na mihogo, huoza vizuri kwenye lundo la mboji lenye joto la karibu nyuzi 60. Ukiitupa baharini itakaa miaka.

Na baharini ndiko kuna ganda ninalolipenda kuliko yote, la kamba. Huloweshwa kwenye asidi ikatoka chokaa, kisha kwenye magadi makali yakatoka masalia ya nyama, ikabaki kitini, iliyotambuliwa na Henri Braconnot mwaka 1811 kwenye uyoga. Magadi makali zaidi na moto huigeuza kitosani, inayoyeyuka kwenye siki. Imwage kwenye kioo, iache ikauke, na utabandua utando mwembamba unaopitisha mwanga. Chovya embe kwenye majimaji hayo na litachelewa kuiva na kuota ukungu, kwa kuwa sasa lina ganda la pili, lililotoka kwa kamba.